Kitambaa Chekundu cha Gogo la Tatu

Wodi ya Wanaume, kitanda cha kumi na nne
4 Machi

Kwa mpwa wangu Hadubini,

Salamu nyingi kama nzi wa soko la nyama siku ya joto. Mimi sijambo, isipokuwa kusimama ndiko kumenishinda kidogo. Usishtuke. Najua mama yako amekwisha kukupigia simu akilia, na dada yangu akilia huongeza chumvi, tabia ambayo sijui kairithi kwa nani katika ukoo wetu wa wasema kweli. Ndiyo maana nakuandikia mwenyewe, na barua nampa dereva wa lori la ngozi anayekuja huko kwenu kila Alhamisi. Simu siipendi. Inakatika kabla hadithi haijafika mkiani.

Basi sikiliza ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza aliletwa sokoni ng'ombe dume aliyekwisha chinjwa, na dume si dume, ghorofa. Wanaume sita walishindwa kumtundika. Ndoano ikapinda. Nikawaambia, "Pisheni, watoto." Nikainama, nikamtia begani peke yangu, kichwa kinaburuza upande huu, mkia upande ule, nikamtundika kama mtu anavyotundika koti. Makofi yalisikika mpaka kwa wauza samaki kule mwisho. Hapo mgongo ukalia kwa! Tangu siku ile maumivu. Ndiyo hayo tu. Huu ni mgongo wa shujaa.

Hapa wameniingiza kwenye mashine ya bomba, wakanipiga picha, kisha wakanichoma mgongoni sindano ndefu kama ya kushonea magunia, wakatoa usaha. Daktari ni kijana mpole. Akasema pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa, na huenda ni kifua kikuu. Nikamuuliza, "Daktari, kifua kimefikaje mgongoni? Kimepotea njia?" Wodi nzima ilicheka, hata yule wa kitanda cha kumi na tatu ambaye mguu wake umening'inizwa juu kama paja la mbuzi. Wamenipa vidonge vinene, wiki ya tatu sasa, na mkojo umekuwa rangi ya soda ya chungwa.

Wagonjwa wenzangu nimewaeleza kwa nini naitwa Bila Kovu. Nimewapa na sheria ya soko letu: mkata nyama akijikata au akichomwa, anatundika kitambaa chekundu kwenye ndoano yake siku saba, hagusi nyama, na jioni anaosha magogo ya kukatia nyama ya wenzake wote huku wakimwimbia. Miaka ishirini na sita niko gogo la tatu. Kitambaa hicho hakijapepea kwangu hata dakika moja. Wa kumi na tatu alisema, "Haiwezekani." Nikamwonyesha mikono. Akaikagua kidole kwa kidole.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mtu aliyepigana na nyigu mia mbili atashindwa na mgongo? Kwani sikukusimulia? Mwezi wa kumi na moja walivamia banda letu. Wenzangu waliingia chini ya meza. Mimi niliwapiga nyigu hao kwa ubapa wa panga la nyama, mmoja mmoja, kwa zamu. Mmoja tu ndiye aliyeniweza, akanidunga kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Kidole kikawa zambarau kama bilinganya, kikawaka wiki tatu, hata kifungo cha shati kikanishinda. Jemadari, mke wangu huyo, ni shahidi wa bilinganya.

Mjomba wako,
Bila Kovu


Maabara
13 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikinuka ngozi mbichi, wenzangu wakadhani ni sampuli. Nimecheka peke yangu kwenye kiti. Halafu nimeisoma tena, nikaacha kucheka.

Nina maswali. Baada ya kile kidole kupona, ulipata homa za kuja na kuondoka? Ulikuwa unalowana jasho? Ile zambarau ilikuwa na ukingo ulioinuka, kama mtu amekuchorea ramani? Ilianzia ulipodungwa ikatambaa taratibu, ikiuma kuliko inavyoonekana, na hakukuwa na usaha? Nauliza kwa sababu sumu ya nyigu haikai wiki tatu. Siku tatu, nne, imekwisha.

Jambo la pili. Rafiki niliyesoma naye yuko maabara ya hapo ulipolazwa. Wadudu wa kifua kikuu hawakuwaona kwenye usaha wako. Waliona vijiti vyembamba vichache, wakaandika: huenda ni uchafu wa ngozi. Vidonge umepewa kwa sababu ya ile picha. Simlaumu daktari wako. Uti wa mgongo ukiliwa, mtu yeyote huanza kufikiria kifua kikuu, na mara nyingi huwa kweli. Lakini chupa ya usaha wako ipo kwenye friji yao mpaka tarehe 31. Baada ya hapo wanaitupa.

Nijibu kitu kimoja tu, Mjomba. Siku zile, kuna kitu kilikuchoma kazini? Kisu, mfupa, ndoano, chochote?

Mpwa wako,
Hadubini


Kitanda cha kumi na nne
18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Ila swali gani hilo?

Kunichoma? Mimi? Kisu changu na mimi ni mapacha. Kuna siku kiliniponyoka, kikawa kinashuka kuelekea mguuni, na nakuapia, kilijigeuza chenyewe hewani kikaenda kuchoma ubao. Gogo la Pili, mwenzangu wa gogo la jirani, alikuwepo, muulize. Mtu wa namna hiyo atachomwa na mfupa? Mfupa wenyewe utapata wapi ujasiri?

Na nyigu nilisema mia mbili ili usiogope. Walikuwa mia tatu.

Homa zilikuwepo, siwezi kukataa, lakini ni homa ndogondogo za wanaume, zinabisha hodi na kuondoka. Jasho lipo. Ukingo wa ramani, mh, sikumbuki. Labda ulikuwepo.

Mguu wa kushoto umeanza uvivu. Unalala mchana kweupe, hata nikiupiga kofi hauamki vizuri. Nimeuonya kwamba ukiendelea nitaukata mshahara. Jana na wa kulia ulitaka kuiga. Sijamwambia daktari, ana mambo mengi.

Gogo la Pili alikuja kunitazama, kaniletea machungwa sita akala manne. Anasema ndoano yangu wameiacha wazi, haitundikwi kitu mpaka nirudi. Mteja mgeni akija, wanamwonyesha: "Pale ndipo anapofanyia kazi yule ambaye hajawahi kujikata." Unasikia? Mimi sina cheo, sina shamba, shule niliiacha darasa la tano. Nina ndoano isiyo na kitambaa. Sasa wewe unataka niseme nini?

Usisome sana, macho yataharibika.

Mjomba wako,
Bila Kovu


Maabara
22 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nilipokuwa na miaka saba ulinisimulia jinsi ulivyopigana mieleka na chatu mnene kama pipa nyuma ya zizi. Ulipoondoka nilikwenda kutafuta. Nikakuta gamba la nyoka, urefu wake kama mkono wangu. Sikukwambia. Lakini tangu siku ile najua namna ya kusoma hadithi zako: nyama yote ni ya kuongeza, ila ndani kuna mfupa mmoja wa kweli. Katika barua ya kwanza dume si mfupa. Nyigu si mfupa. Mfupa ni kidole.

Kuna kijidudu kinachoishi kwa kondoo, nguruwe, ndege, hata samaki. Watu kinaowapata ni wa kazi kama yako. Huingia kwa tundu dogo, kidole kinakuwa zambarau, kinauma, kinapona chenyewe, na kwa watu karibu wote hadithi huishia hapo. Kwa wachache sana hupita kwenye damu kimyakimya, kikatua kwenye moyo, na kwa wachache zaidi ya hao, kwenye uti wa mgongo. Nina miaka minane kwenye hadubini, sijakiona hata mara moja. Kikitazamwa harakaharaka kinafanana na uchafu wa ngozi. Kwa hiyo kinatupwa.

Nilimweleza mkuu wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, mama yule, halafu akasema, "Siwezi kuomba hospitali ya watu ifungue tena faili kwa sababu ya nyigu mia mbili. Niletee maneno ya mgonjwa mwenyewe. Nini kilimchoma, lini, mnyama gani." Sikumwambia kwamba sasa wamefika mia tatu.

Mjomba, vidonge unavyomeza, kama ni kijidudu hiki, havikiui. Na mguu unaolala mchana si mvivu. Usaha unabana mishipa inayoupa habari. Mishipa ikibanwa sana, mguu hauamki tena, wala ukiupiga kofi, wala ukiukata mshahara. Mwambie daktari habari ya miguu leo hii. Na kama kuna lingine, mwambie yeye, si lazima uniambie mimi.

Kwenye faili la hospitali hakuna ndoano, Mjomba. Hakuna atakayekuimbia.

Mpwa wako


Nyumbani
26 Machi

Mwanangu,

Mimi si mwandishi, nitasema kwa ufupi. Mjomba wako jana alitaka kwenda chooni mwenyewe, akasema hahitaji kushikwa, akaanguka kati ya kitanda na kitanda. Sasa miguu yote miwili haisogei. Daktari amebadilika uso, wanazungumza habari ya kumpasua.

Barua yako aliisoma juzi. Akaikunja, akaitia chini ya mto, akageukia ukutani. Tangu hapo hajasimulia kitu. Siku mbili! Siku alipofiwa na mama yake alisimulia mpaka waliokuja kulia wakacheka. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na tatu ameniuliza kama nimemkosea.

Umeuliza kuhusu kidole. Nyigu mimi sikuona hata mmoja. Nilichoona ni koti lake la kazi, mfuko wa kushoto, ndani, doa la damu. Nilikuwa nalifua. Na mkono wenyewe wiki nzima ulishinda mfukoni, hata mezani. Nilidhani anaficha barua ya mwanamke. Nilipokiona kile kidole nikamwambia, mficha maradhi kilio humuumbua. Akanijibu kwamba methali ni za watu wasio na hadithi.

Sikumwuliza tena. Najilaumu kwa hilo.

Ongea naye wewe, wewe anakuogopa.

Mke wa mjomba wako


Kitanda cha kumi na nne
27 Machi

Mpwa wangu,

Hii sikungoja Alhamisi. Jemadari anaipeleka mwenyewe kwenye basi. Nitaandika kama ninavyotoa mifupa, bila mafuta.

Ilikuwa Jumamosi, wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi. Nilikuwa napasua mbavu za kondoo. Kondoo mdogo, mpwa wangu, mtu angeweza kumbeba kwapani. Mbele yangu kulikuwa na mteja, namsimulia ile ya chatu. Nikaachia nyama ili nimwonyeshe unene kwa mikono miwili, kisha nikarudisha mkono bila kutazama. Ncha ya ubavu ikaingia kidoleni, ndani hasa, ikavunjikia humo. Niligeuka nikaitoa kwa meno. Damu ilikuwa tone moja. Bomba la maji liko katikati ya soko, mbele ya macho ya kila mtu, na sabuni iko hapohapo. Sikwenda. Nikatia mkono mfukoni, nikamaliza hadithi. Mteja alicheka sana.

Hakuna nyigu. Yule dume tulimbeba watu wanane, na mimi nilishika mkia. Mgongo ulianza wenyewe, nikiwa nimekaa nakunywa chai.

Leo asubuhi nimemwambia daktari yote, nikampa na barua yako, na wa kumi na tatu anasikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Hakucheka mtu. Daktari alivuta kiti akakaa, akatoa kalamu. Akauliza, "Kondoo?" Nikasema kondoo. Akauliza, "Umesema Jumamosi?" Nikasema Jumamosi. Akaandika, akatoka karibu anakimbia, nikamsikia kwenye korido anauliza namba ya maabara yenu.

Kesho wananipasua kuutoa usaha unaobana. Miguu siisikii. Nimeifinya, ni kama nafinya nyama ya gogoni.

Naogopa. Hilo nalo ni mfupa.

Mjomba wako


Maabara
9 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mama ameniambia umeamka salama baada ya upasuaji na kitu cha kwanza ulichouliza ni kama kisu chao kilikuwa kimenolewa vizuri. Nilifurahi nikalia.

Chupa yako ilifika kwetu tarehe 29, siku mbili kabla ya kutupwa. Mkuu aliotesha upya vijidudu vya usaha huo kwa mkono wake, hakumwachia mtu. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu, nami nikaanza kuona aibu. Siku ya tatu vikatokea vidoa vidogo kama ncha za pini. Akaniita, "Njoo umwone mgeni wa mjomba wako." Nikainama kwenye hadubini. Vijiti vyembamba, vimejikunja kidogo, vimetawanyika kama vipande vya uzi vilivyoanguka chini ya cherehani. Tukafanya vipimo vyote mpaka hapakuwa na shaka. Kinaitwa erisipelothriksi. Jifunze kulitamka, najua utalihitaji.

Daktari wako hakungoja majibu yetu. Siku ileile uliyomwambia alikuanzishia penisilini, na ndiyo dawa yenyewe. Ile ya zamani, ya enzi za babu. Wiki sita, kila baada ya saa nne, kupitia huo mpira wa mkononi. Usiuguse. Moyo wamekupima, mzima. Mkuu wangu ameandika kisa chako kwa madaktari wengine, bila jina lako. Mwanzo wa ukurasa wa kwanza unasema: "Mgonjwa alieleza kwamba alichomwa na ubavu wa kondoo." Bila sentensi hiyo, Mjomba, zilizobaki zisingekuwepo.

Kuhusu miguu, sijui. Mishipa iliyobanwa hurudi polepole, na mingine hairudi. Kwa kuwa safari hii wewe hukunidanganya, na mimi sikudanganyi.

Ukisimama niandikie. Ila idadi ya hatua naitaka ya kweli.

Mpwa wako,
Hadubini


Kitanda cha kumi na nne
16 Mei

Kwa mpwa wangu Hadubini,

Marahaba, tena marahaba mara mia, na hiyo mia usiihesabu kama uongo, ni ya heshima.

Erisipelothriksi! Nalitamka sasa bila kuvuta pumzi. Wanafunzi wa udaktari wanaletwa kunitazama, saba saba, wanasimama kitandani kwangu kama wateja siku ya mshahara. Juzi mmoja alilikosea jina, nikamsahihisha. Daktari wangu akasema, "Mzee, unataka kazi?" Nikamwambia nina kazi. Halafu nikaitazama miguu yangu, maana sikuwa na hakika.

Wiki sita zimekwisha, mpira wameutoa. Homa sijaiona mwezi mzima. Kidoleni hakuna hata alama, ila mgongoni nina mshono wa nyuzi kumi na mbili. Daktari anasema kumi na mbili, nami nasema kumi na mbili.

Nilimwita Gogo la Pili. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nenda katundike kitambaa kwenye ndoano yangu." Nilidhani ataanguka kutoka kitini. Akaingiza mkono mfukoni akakitoa, kimekunjwa vizuri. Alikuja nacho. Akasema, "Niliona, bwana. Siku ile nilikuona ukitoa mfupa kwa meno. Nikangoja utundike. Hukutundika, nami nikaona haya kukuvunjia jina mbele ya mteja." Tukatazamana, watu wazima wawili wenye mvi. Nikamwambia, "Ungenivunjia tu." Akasema, "Ningejua, ningekuvunjia na meza."

Halafu akanikumbusha jambo. Kitambaa kile kilianzishwa na msimamizi wetu wa kwanza, baada ya mtu wa gogo la tano kufa kwa kidonda cha kidole ambacho hakuna aliyejua anacho. Kilikuwa cha kumtoa mtu kwenye nyama, aoshe, apumzike, wenzake wamwangalie. Nyimbo tuliziongeza sisi. Na mwenye kuimba kwa sauti kubwa kuliko wote miaka ishirini na sita, unamjua ni nani.

Sasa wamekubaliana upya. Mwenye kitambaa haoshi magogo, anaoshewa. Bomba wamelizungushia ubao, mtu anaosha mkono bila kutazamwa. Changu kimetundikwa. Siku saba zimepita zamani, lakini nimewaambia wasikitoe. Nitakitoa mwenyewe, nikiwa nimesimama. Gogo la Pili ameuliza itachukua muda gani. Mwaka jana ningemwambia kesho. Nimemwambia sijui.

Jemadari anakusalimu. Amenisamehe habari ya nyigu, ila ile ya kukaa na kidole wiki tatu mezani kwake bila kusema, anasema hiyo bado iko jikoni.

Sasa lile uliloomba. Leo asubuhi, kwa fimbo mbili, nimetoka kitandani mpaka dirishani. Wa kumi na tatu, aliyekwenda nyumbani na kurudi kutolewa plasta, alikuwepo, akahesabu kwa sauti. Nimefika, nimeshika kizingiti, nimetazama nje, kuna mti na mtu anafagia. Hatua kumi na moja. Sikuongeza hata moja.

Mjomba wako,
Kovu Moja

N.B. Zilikuwa tisa. Mbili za mwisho Jemadari alinibeba kwapani kama yule kondoo.